Kwa nini mapigo ya moyo huyumba baada ya upasuaji

MGONJWA aliyefanyiwa upasuaji wa moyo aghalabu huanza kuonyesha nafuu siku ya pili. Mpira wa kupumulia huwa umeshatolewa kooni, ameonja uji, na jamaa zake wameruhusiwa kumwona kwa zamu. Kisha siku ya tatu moyo wake huanza kwenda mbio bila mpango, mashine iliyo kando ya kitanda ikalia na wauguzi wakafika kwa haraka.

Wengi wa jamaa hao huondoka wodini wakiamini kwamba upasuaji umeharibika. Ukweli ni kuwa kuyumba kwa mapigo ni miongoni mwa matatizo yanayotokea mara nyingi zaidi baada ya upasuaji wa moyo, na kwa kawaida si dalili ya kosa lolote la daktari.

Hata hivyo, jambo linalotokea mara nyingi si lazima liwe jambo dogo. Mapigo huweza kuyumba kwa sababu zilizo tofauti kabisa, na kila sababu ina tiba yake. Kuna hali inayopita yenyewe baada ya siku chache, kuna inayomlazimu mgonjwa kuwekewa kifaa cha umeme maishani, na kuna inayoleta kiharusi wiki kadhaa baada ya mtu kurejea nyumbani, hasa akiacha dawa kwa kuwa anajihisi amepona.

Umeme wa moyo

Moyo hupiga kwa nguvu za umeme ambao unautengeneza wenyewe. Katika chumba cha juu cha upande wa kulia, karibu na pale mshipa mkubwa unaporudisha damu kutoka kichwani na mikononi, kuna fundo dogo linalotoa ishara kati ya mara 60 na 100 kwa dakika mtu mzima anapopumzika. Ishara hiyo husambaa katika vyumba viwili vya juu, navyo hujibana na kumimina damu katika vyumba viwili vya chini.

Baina ya vyumba vya juu na vya chini pana ukuta ambao umeme hauwezi kuupenya ila kwa njia moja tu. Njia hiyo ni fundo la pili lililo katikati ya moyo, ambalo huichelewesha ishara kidogo kisha kuipeleka chini kupitia nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo hupita karibu sana na vali za moyo, na ukaribu huo ndio unaozua baadhi ya matatizo tutakayoyataja.

Ili kurekebisha vali au kuziba tundu, daktari hulazimika kupasua mfupa wa kifua, kuufungua mfuko unaouzunguka moyo na kuingiza mipira ya kupeleka damu katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Mashine ya namna hiyo ilitumiwa kwa mafanikio kwa mara ya kwanza na Dkt John Gibbon mjini Philadelphia, Marekani, mnamo Mei 6, 1953. Moyo wenyewe husimamishwa, mara nyingi kwa maji baridi yenye potasiamu nyingi, na huenda ukakaa saa moja, mbili au zaidi bila damu yake ya kawaida. Baada ya kutendewa hayo yote, si ajabu moyo ukichukua siku kadhaa kabla ya kurejea katika mwendo wake.

Mtetemo wa siku ya tatu

Hali inayotokea zaidi ni fibrilesheni ya atiria, yaani mtetemo wa vyumba vya juu. Badala ya kujibana kwa pamoja, vyumba hivyo hutetemeka kama ngozi ya ngoma iliyoguswa, huku ishara za umeme zikizunguka ovyo. Vyumba vya chini hupokea baadhi tu ya ishara hizo, na hupiga kwa kasi isiyo na mpangilio, pengine mara 110 hadi 150 kwa dakika.

Kwa kila wagonjwa 100 wanaopasuliwa moyo, kati ya 20 na 40 hupatwa na mtetemo huu. Huwapata zaidi waliobadilishiwa au kurekebishiwa vali kuliko wale waliopachikiwa mishipa ya kukwepa iliyoziba, na wale waliofanyiwa yote mawili kwa pamoja huwa katika hatari kubwa zaidi. Kwa kawaida hutokea kati ya siku ya pili na ya nne.

Swali ambalo jamaa huuliza ni kwa nini mambo yageuke wakati mgonjwa ameanza kupata ahueni. Jibu ni kwamba sababu kadhaa hukutana katika siku hizo hizo. Uvimbe na joto ambavyo mwili hutoa kujibu jeraha hufikia kilele baada ya siku mbili au tatu. Maji mengi aliyotiwa mgonjwa kwa dripu, ambayo yalikuwa yamejificha katika nyama za mwili, huanza kurudi mishipani na kuvitanua vyumba vya juu vya moyo. Maumivu ya kifua, kukosa usingizi na wasiwasi navyo humiminia damu adrenalini, na adrenalini huuchokoza moyo.

Vile vile dawa zenyewe huchangia. Mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu lilishuka baada ya upasuaji hupewa dawa za kuupa moyo nguvu, nazo hufanya kazi kama adrenalini. Kinyume chake, mgonjwa aliyekuwa akimeza dawa za kupunguza kasi ya moyo, zile za jamii ya betabloka, huenda akasimamishiwa dawa hizo ghafla. Mwili uliozoea breki ukiondolewa breki huenda mbio kuliko awali. Ndiyo sababu madaktari hupendelea betabloka ziendelee hadi siku ya upasuaji na zirejeshwe mapema baadaye, iwapo shinikizo la damu linaruhusu. Mgonjwa anayeficha dawa anazotumia, au asiyekumbuka majina yake, huwanyima madaktari habari ambayo ingemkinga. Afadhali azibebe zote ndani ya mfuko na kuziweka mezani.

Umri nao una nafasi yake. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo nyama ya vyumba vya juu inavyopata makovu membamba yanayouvuruga umeme. Mtu wa miaka 75 ana hatari kubwa kuliko wa miaka 50 hata kama wamepasuliwa kwa namna moja. Shinikizo la damu la miaka mingi, unene wa kupindukia na ugonjwa wa mapafu huongeza hatari hiyo.

Damu iliyobaki kifuani

Sababu moja ambayo kwa muda mrefu haikupewa uzito unaostahili ni damu inayovuja na kukusanyika nyuma ya moyo. Mipira inayowekwa kifuani huitoa sehemu kubwa, lakini kiasi fulani hubaki pale ambapo mipira haifiki, kikiganda na kuuwasha moyo kwa nje.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa jijini New York kwa wagonjwa 420. Nusu yao walikatwa mwanya mdogo upande wa nyuma wa mfuko wa moyo ili damu hiyo itiririkie katika nafasi ya kushoto ya kifua, ambako huweza kutolewa kwa urahisi. Miongoni mwa waliokatwa mwanya, takriban 17 kwa kila 100 walipata mtetemo, ilhali kwa wenzao walikuwa 32. Mkato wa dakika chache, usiohitaji kifaa kipya wala dawa ya bei ghali, ulipunguza tatizo kwa karibu nusu. Kwa hospitali za nchi kama zetu, habari ya aina hii ina thamani kuliko nyingi zinazotangazwa kwa vishindo.

Mambo hayakuwa hivyo kwa sababu nyingine zilizodhaniwa kuwa dhahiri. Kwa kuwa uvimbe unalaumiwa, ilitarajiwa kwamba dawa kali za kuutuliza, za jamii ya steroidi, zingeukomesha mtetemo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 7,500 haukuona faida hiyo.

Potasiamu nayo ina kisa chake. Madini haya pamoja na magnesiamu ndiyo yanayouwezesha umeme kupita katika chembe za moyo, na hupotea kwa wingi kupitia mkojo mgonjwa anapopewa dawa za kupunguza maji mwilini. Yakipungua sana, moyo huyumba, na unaweza hata kusimama. Kwa miaka mingi wodi nyingi zilikuwa na desturi ya kumwongezea mgonjwa potasiamu kila inaposhuka chini ya 4.5 kwa kipimo cha maabara, ingawa kiwango cha kawaida huanzia 3.5. Mwaka 2024 utafiti uliofanywa Uingereza na Ujerumani kwa wagonjwa waliopachikiwa mishipa ulionyesha kwamba wale walioongezewa pale tu ilipopungua 3.6 hawakuyumba kuliko wenzao. Katika makundi yote mawili mgonjwa mmoja hivi kati ya wanne alipata mtetemo. Hii haina maana kwamba potasiamu ipuuzwe. Maana yake ni kuwa kuijaza kupita kiwango cha kawaida hakuleti kinga ya ziada.

Moyo uliozoea kuyumba

Katika Afrika Mashariki, sura ya ugonjwa huu ni tofauti na ile inayosimuliwa katika vitabu vingi vya ng'ambo. Wagonjwa wengi wanaobadilishiwa vali huku si wazee. Ni vijana, wakiwemo kina mama wa umri wa kuzaa, ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Homa hiyo huanza kwa maumivu ya koo yaletwayo na bakteria, ambayo yangetibiwa kwa penisilini.

Vali ya upande wa kushoto inapokuwa nyembamba au kuvuja kwa miaka, chumba cha juu cha upande huo hutanuka, pengine mara mbili au tatu ya ukubwa wake, na nyama yake kujaa makovu. Mgonjwa kama huyu mara nyingi hufika hospitalini moyo wake ukiwa tayari unatetemeka. Upasuaji hurekebisha vali, lakini hauondoi makovu. Anayetarajia mapigo yatulie siku ile ile vali mpya inapowekwa huenda akavunjika moyo bure. Familia ielezwe jambo hili kabla ya upasuaji.

Mapigo yanapokwenda polepole mno

Si kila moyo unaoyumba huenda mbio. Mwingine hupunguza mwendo hadi mapigo 40 kwa dakika au chini ya hapo, kwa sababu ishara kutoka vyumba vya juu haifiki chini. Hapa chanzo mara nyingi ni kile kile tulichokigusia: nyuzi za umeme hupita kando ya mahali ambapo daktari hushona. Mshono, uvimbe, au kiota cha chokaa kilichong'olewa kwenye vali iliyozeeka huweza kuziminya au kuzikata.

Tatizo hili ndilo lililozaa kifaa maarufu cha kuendesha mapigo ya moyo. Katika miaka ya 1950, Dkt C. Walton Lillehei wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alikuwa akiziba matundu katika mioyo ya watoto. Baadhi yao walipona tundu lakini nyuzi za umeme zikaziba, nao wakafariki. Mwaka 1957 alianza kuacha waya mwembamba ndani ya nyama ya moyo, ukiunganishwa na mashine ya umeme nje ya mwili. Mashine ile ilichomekwa ukutani, kwa hivyo mtoto hakuweza kwenda mbali kuliko urefu wa waya wake.

Umeme ulipopotea mjini Minneapolis mnamo Oktoba 31, 1957, hatari ya mpango huo ilidhihirika. Lillehei alimwomba fundi Earl Bakken, aliyekuwa akirekebisha vyombo vya hospitali hiyo, atafute njia nyingine. Katika muda wa wiki chache Bakken alitengeneza kisanduku kidogo kilichotumia betri ambacho mtoto angeweza kukivaa kifuani.

Waya hizo nyembamba zingali zinatumika. Mgonjwa akizinduka na kuona nyuzi mbili au zaidi zikitokeza chini ya kifua chake, asiogope. Zimewekwa ili moyo ukichelewa uweze kuendeshwa kwa muda, na huvutwa taratibu kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Uvimbe ukipungua, umeme hurudi kwa wagonjwa wengi ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Usiporudi, madaktari hushauri kifaa cha kudumu kiwekwe chini ya ngozi. Idadi ya wanaofikia hatua hiyo ni ndogo, lakini huwa kubwa zaidi kwa waliobadilishiwa vali zaidi ya moja.

Kwa watoto wachanga kuna hali nyingine inayowahangaisha madaktari wa vyumba vya wagonjwa mahututi. Saa chache baada ya kuziba tundu au kurekebisha kasoro ya kuzaliwa, fundo la katikati lililochubuliwa huanza kutoa ishara zake lenyewe kwa kasi kubwa, likilipiku lile la juu. Mtoto huyo hupozwa mwili hadi nyuzi 34 au 35, huongezewa magnesiamu, na hupunguziwa dawa za kuuchochea moyo. Mzazi anayemkuta mwanawe ana ngozi ya baridi kwa makusudi anastahili kuelezwa sababu.

Yaliyo ya dharura

Mapigo ya mbio yanayoanzia vyumba vya chini hutokea kwa nadra kuliko mtetemo wa juu, lakini ndiyo yanayoua haraka. Yakitokea, madaktari huchunguza mara moja kama mshipa uliopachikwa umeziba na kuunyima moyo damu, kama potasiamu imeshuka mno, au kama kuna dawa inayovuruga umeme. Damu ikijaa ghafla katika mfuko wa moyo na kuubana, mapigo huenda mbio huku shinikizo likishuka, na mgonjwa huenda akarejeshwa katika chumba cha upasuaji usiku huo huo.

Wiki kadhaa baadaye kuna hatari nyingine. Mtu aliyewekewa vali bandia akipata homa isiyokwisha, kisha mapigo yake yakaanza kwenda polepole, huenda wadudu wameivamia vali hiyo na kutengeneza jipu lililofikia nyuzi za umeme. Kumtibu malaria kwa kubahatisha, kama inavyofanyika mara nyingi katika maduka ya dawa, ni kupoteza siku ambazo hana. Aende hospitalini, damu yake ipimwe kabla hajapewa kiuavijasumu chochote.

Akifika nyumbani

Mtetemo wa vyumba vya juu hutulizwa kwa betabloka au amiodaroni, na mgonjwa akizidiwa hupewa mshtuko wa umeme akiwa amelazwa usingizi. Kwa wagonjwa wengi ambao hawakuwa nao kabla ya upasuaji, hutoweka ndani ya wiki sita hadi nane.

Hatari yake kubwa ni damu inayotuama. Chumba cha juu cha kushoto kina kifuko pembeni, na kisipojibana sawasawa damu huganda humo. Donge likichomoka hupanda hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupewa wafarini ili damu isigande, na kipimo cha INR hufanywa mara kwa mara kuhakikisha dawa si chache wala si nyingi mno.

Kuna dawa mpya za kuzuia damu kuganda ambazo hazihitaji kipimo hicho. Hata hivyo, hazifai kwa mwenye vali ya kiwandani, ile ambayo wagonjwa huiita ya chuma. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu watu wenye mtetemo ulioletwa na baridi yabisi ulionyesha kwamba waliotumia dawa za aina ya wafarini waliishi zaidi kuliko waliopewa mojawapo ya dawa hizo mpya. Asibadilishe mtu dawa kwa kusikia jirani amebadilisha.

Anayetumia wafarini hahitaji kuikimbia sukuma wiki, mchicha wala kunde. Mboga hizi zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa, kwa hivyo linalotakiwa ni kula kiasi kile kile kila wiki. Kinachovuruga ni kukaa mwezi mzima bila mboga, kisha kuzila kila siku. Dawa za maumivu kama ibuprofeni, baadhi ya viuavijasumu na dawa za mitishamba huweza kuigeuza wafarini iwe hatari, na miraa huongeza kasi ya moyo ambao tayari unahitaji kutulia.

Mgonjwa ajifunze kuhesabu mapigo yake kwa kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kwa dakika nzima. Azidipo 120 akiwa amepumzika, apunguapo 45, au akizirai, arudi hospitalini. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakimgongana, jamaa wasingoje kupambazuke.

Makovu ya miaka mingi

Mahali palipopasuliwa pakishapona huacha kovu, na kovu halipitishi umeme. Ishara huweza kulizunguka kovu hilo kama maji yanavyozunguka jiwe, zikarudi zilikoanzia na kuanza tena. Hilo huenda likatokea miaka 10 au 20 baada ya upasuaji, kwa mtu ambaye amesahau kabisa kwamba aliwahi kuumwa.

Watoto waliorekebishiwa kasoro ile inayowafanya wawe na midomo ya samawati, yenye tundu kati ya vyumba vya chini na njia nyembamba ya kwenda mapafuni, ndio wanaohusika zaidi, kwa kuwa hukatwa na kushonwa katika vyumba vya chini. Mmoja wao akianza kuhisi moyo ukimwenda mbio akiwa na umri wa miaka 25, daktari atakayempokea atataka kujua ni upasuaji gani hasa aliofanyiwa na mikato ilipita wapi. Habari hiyo imo katika karatasi aliyopewa mzazi siku ya kuondoka wodini, na hospitali iliyoitoa huenda haina nakala nyingine baada ya miaka hiyo yote. Ihifadhiwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.